Feni ya Landrova ya Mkwe

Mwaka nilioingia kazi ya rejeta tulikuwa tunakula mahindi ya njano. Nikimwambia hivyo mtu wa rika langu, awe wa Kitui au wa Makueni, haniulizi tena ni mwaka gani. Yalikuja kwa magunia ya msaada, punje kubwa kama meno ya punda. Unaweka jikoni asubuhi, unakula jua likienda kuzama, na tumbo linaongea mpaka kesho yake. Ukiyatwanga upate muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ganda linakataa kutoka. Wengine walisema hayo ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe wetu walikuwa wamekufa, kwa hivyo hatukuwa na wa kumwuliza.

Nilikuwa na watoto wawili, na mume aliyeenda Mombasa kutafuta kazi. Barua zake zilianza kuwa fupi, kisha zikaisha. Nikafunga mlango wangu Matinyani, watoto nikawaacha kwa mama, nikaenda Mwingi, kwa sababu lori za barabara ya Garissa zinasimama pale, na dereva lazima ale hata mwaka wa njaa. Nikaanza kupika kando ya gereji. Shida ilikuwa makaa. Yale mahindi yalikula makaa haraka kuliko watu walivyoyala yenyewe.

Katika gereji hiyo kulikuwa na Fundi Athmani, na jiko lake liliwaka kutwa. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu, babake alitoka Pwani kuja kuuza nguo Mwingi na hakurudi. Kazi yake ilikuwa rejeta tu, lile sanduku la mbele la kupozea maji ya injini. Hakushika injini, hakushika breki. Nikamwomba niweke sufuria yangu pembeni ya moto wake. Akaniangalia, akaangalia sufuria.

"Weka, mama. Lakini moto ukizimika, wewe ndiye umeuzima."

Basi siku yangu ya kwanza ya kazi nilipuliza moto. Siku ya pili nikashika koleo. Siku ya tatu akanipa rejeta ya lori nimwage maji yaliyobaki ndani. Yakatoka kama chai ya matangani. Akachovya kidole, akaonja, akaniambia na mimi nionje. Nilidhani ananichezea. Nikaonja.

"Ina chumvi," nikasema.

"Sasa umeshaujua ugonjwa wa Kitui wote," akasema. "Kilichobaki ni kazi ya mikono."

Na ni kweli. Huku kwetu maji mengi ni ya kisima cha kuchimba, na yana chumvi. Dereva gari ikichemsha anaomba maji nyumba ya kwanza anayoona, anapewa maji hayo hayo, anamwaga ndani, anashukuru Mungu, anaenda. Chumvi inabaki. Inajipaka ndani ya ile mirija myembamba ya rejeta kama inavyojipaka kwenye sufuria ya chai, mpaka siku moja mrija umeziba na maji hayapiti. Nyinyi mafundi wapya msionje. Siku hizi watu wanatia ile dawa ya kijani, tamu kama juisi, na ni sumu. Sisi tulionja kwa sababu hatukuwa na kingine cha kupimia.

Vyombo vyetu mngevicheka. Kulikuwa na nyundo ya shaba ya kulehemia, unaichomeka kwenye makaa mpaka mwali wa moto unabadilika rangi, sio mapema na sio baadaye. Kulikuwa na solda, chupa ya asidi, mswaki wa waya, vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuzibia midomo ya rejeta, na pampu ya baiskeli ya kutia upepo. Halafu pipa la maji. Unazamisha rejeta, unapiga pampu, unatafuta mapovu. Athmani alinifundisha nisikimbilie povu la kwanza. Alisema tundu kubwa linajionyesha lenyewe, lile dogo unalingojea kama unavyongoja mtoto mwongo aseme kweli.

Kitu kingine alichonipa ni mgongo wa mkono. Washa gari, ipate moto, izime, kisha pitisha mgongo wa mkono juu ya rejeta kutoka upande hadi upande. Palipo na joto, maji yanapita. Palipo baridi, pameziba. Kiganja kimezoea sufuria na jembe, hakisikii tena. Mgongo wa mkono bado ni mtoto. Nimeona mafundi wenye mashine za kupima joto zenye taa nyekundu, nikapitisha mkono wangu kwanza, tukafika mahali pamoja. Tofauti ni kwamba mkono wangu hauna betri.

Athmani alikuwa na Kiswahili cha kwao, na changu kilimtesa. Nikisema "hiyo maji inavuja," ananirekebisha: "Hayo maji yanavuja, mama." Siku moja nikamwambia, "Hata ukiyaita hayo, bado yako chini." Alicheka mpaka akaweka nyundo. Nilikaa naye miaka tisa. Alipoacha kuona vizuri alinipa nyundo ya shaba na hakunipa hotuba.

Nikarudi Kitui mjini nikafungua kibanda changu nyuma ya maduka ya speya. Miaka ya kwanza mteja anaingia, anaangalia ukutani, anaangalia chini ya meza, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia, "Unamwangalia." Wengine walitoka. Wengi walirudi, kwa sababu fundi waliyemkimbia ndiye huyo huyo waliyemrudia, na maji yalikuwa bado yanavuja.

Nitasema kisa kimoja cha miaka hiyo, kwa sababu mpaka leo watu wanakifanya. Alikuja mtu na pikapu, amebadilisha pampu ya maji, amebadilisha gasketi, ametoa themostati akaitupa, na bado gari inachemsha kabla haijafika Migwani. Nikaifungua rejeta upande wa juu. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kimeganda. Nikakikata na kisu.

"Ulitia nini humu?"

"Ilivuja kidogo, mama. Nikaambiwa unga unaziba."

"Unga gani?"

"Wa mahindi."

"Basi nenda ulete mboga," nikamwambia, "kwa maana ugali uko tayari."

Unga, bizari, ute wa yai, tumbaku, vyote nimevitoa kwenye rejeta. Vinaziba tundu, sikatai. Vinaziba na kila kitu kingine. Na ile themostati wanayopenda kuitupa ina kazi yake. Bila hiyo injini haipati joto lake, na kwenye gari nyingine maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Miaka ikapita namna hiyo, rejeta kwa rejeta, nami nikamlea Mwende. Ni mtoto wa binti yangu wa pili, alikuja kwangu akiwa hajaanza shule na hakuondoka. Alikulia kwenye lile pipa la mapovu. Baadaye akaenda politeknik kusomea magari, akarudi na cheti na kale kachuma ka kupimia kenye namba ndogo. Nasema bila aibu: kutoka Kitui mpaka mji wa Wote hakuna fundi wa rejeta anayemshinda. Mimi hupima nafasi ya feni na rejeta kwa vidole viwili. Alipima vidole vyangu na kile kichuma chake. "Susu," akaniambia, na susu kwetu ndiyo nyanya, "vidole vyako ni milimita thelathini na sita." Nikamwambia namba si mbaya, iandike.

Halafu akatokea Muthama, kijana wa Mbooni, upande wa Makueni, anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi. Alileta gari yake ndogo kwetu mara tatu, rejeta inavuja. Mara zote tatu niliizamisha kwenye pipa na sikuona povu. Mara ya nne sikuizamisha. Nilimwambia Mwende ampe kiti.

Wakakubaliana. Watu wa Muthama wakaja, tukaongea, siku ya ntheo ikapangwa iwe Jumamosi fulani. Kwa asiyejua, ntheo ni ile siku kina mwanamume wanaleta mbuzi kwa kina msichana. Mbuzi mmoja akichinjwa na kuliwa, msichana amekuwa wa watu. Kanisani mtafanya harusi mnavyotaka baadaye, lakini bila hao mbuzi bado mnacheza.

Babake Muthama ni Mwalimu Nzioka, mstaafu, mtu wa kwaya, mkewe alifariki. Ana Landrova ya zamani aliyoinunua kwenye mnada wa misheni akiwa bado mwalimu kijana. Ilikuwa imelala bandani miaka, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Akasema mbuzi wa ntheo ya mwanawe hawatapanda gari ya kukodi. Watapanda Landrova. Alimwahidi mkewe hivyo kabla hajafa. Wakaivuta mpaka Kitui, kwangu, wiki mbili kabla ya siku. Mafundi wengine walishughulika na injini na breki. Rejeta na feni ikawa kazi yetu. Wazee wa kwao waliokuja na gari walipomwona bibi harusi ametoka chini yake na matope shavuni, mmoja akavua kofia, akaivaa tena.

Hapa nitasema polepole, kwa sababu nyinyi vijana mnaingia dukani na kuuliza, "Iko rejeta ya Landrova?" Hivyo ndivyo mtu anavyouziwa ya trekta. Kabla ya kwenda dukani toa ile ya zamani uiweke chini. Pima urefu, upana na unene. Angalia maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, kulia au kushoto. Angalia masikio ya kufungia. Hesabu mistari ya mirija. Soma kifuniko kinashika presha gani, kwa maana kifuniko cha gari mpya kwenye rejeta ya zamani kitaipasua. Mwisho, pima nafasi kati ya feni na rejeta. Wengi wanadhani rejeta nene ndiyo nzuri. Ukiweka nene, feni inaikaribia mpaka siku injini inapotikisika inailamba. Na upepo nao unachoka kupita kwenye unene wote huo.

Ile ya Mwalimu ilikuwa imekufa. Mgongo wa mkono uliniambia robo tatu ni baridi. Muthama alikuwa ameshaagiza nyingine kwa simu: ya alumini, inang'aa kama sufuria ya harusi, na feni ya umeme juu yake.

"Susu, hii inajiwasha yenyewe ikisikia joto," akaniambia.

Mwende akafungua boneti akamwonyesha dainamo. "Hii ni ya zamani. Inatoa ampea ishirini na mbili ikiwa na nguvu zake zote. Feni yako peke yake inakula kumi na tano. Ukiwasha taa utakuwa unakula betri. Utakuja kunioa unasukumwa?"

Muthama akasema basi tuijaribu tu. Tukaiunganisha na betri. Niliweka leso yangu mbele ya gari, kwa sababu feni ya nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta upepo, leso inanata mbele. Leso ikanirudia usoni. Alikuwa amegeuza nyaya. Hilo ni dogo, tungeligeuza. Lakini nilimwambia lile kubwa: shaba ikitoboka Migwani, utapata mtu wa kuilehemu. Alumini ikitoboka Migwani, utapata mtu wa kukuombea. Akairudisha kwenye katoni bila kununa, na hapo nikampenda zaidi.

Tukaamua kuacha matanki yale ya zamani ya juu na chini, na kuweka kifua kipya cha shaba katikati, mistari mitatu ya mirija kama cha kwanza. Kilitoka Nairobi kwa basi. Mwende akalehemu, mimi nikashika moto. Pipani hakukuwa na povu hata moja. Jumatano jioni tukaifunga, ikabaki feni.

Alhamisi asubuhi niliichukua feni mkononi. Ni ya chuma, mabawa manne, ile ile iliyokuja na gari. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, nzuri. Mpya mno. Nikakwangua kwenye mzizi wa bawa moja. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea, umesagwa ukawa laini.

Mwalimu alikuwa amekuja kuangalia gari. Nikamwuliza.

"Bawa lilipasuka," akasema. "Kuna kijana kule Wote anachomelea vizuri sana. Huoni hata alama."

"Naona, Mwalimu."

Nikaitundika feni kwenye kamba, nikachukua spana ndogo. Bawa la kwanza likalia ting. La pili ting. La tatu ting. La nne likasema tup, kama mtu aliyegongwa akiwa na mdomo umejaa. Yeye amefundisha kwaya maisha yake yote. Nilimwona amesikia. Shingo yake ilisikia.

"Tutaenda polepole, Mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama, ndivyo alivyoniita kwa heshima ya ukwe. "Ni siku moja. Kilomita thelathini kwa saa. Nilimwambia marehemu, gari hii, kama ilivyo."

"Feni ya kuchomelewa sifungi," nikamwambia.

Sikumfokea. Mkwe hafokewi. Nikamweleza sababu. Feni inazunguka mara elfu mbili kwa dakika. Pale pa kuchomelewa chuma kimekuwa kigumu, na pembeni mwake kimechoka. Bawa moja ni zito kuliko wenzake, linatikisa pampu. Siku likikatika halidondoki chini, linaruka. Nilishaliona Mwingi, kwenye lori ya kusafirisha mbuzi. Bawa lilitoka likavuka gereji yote, likaingia kwenye mlango wa choo, na fundi aliyekuwa ndani akatoka suruali mkononi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Athmani hakucheka. Alienda akasimama mbele ya ule mlango, akapima na mkono mahali bawa lilipoingilia. Ilikuwa kimo cha kichwa cha mtu aliyechuchumaa. Fundi alipona kwa sababu alikuwa ndio kwanza ameinuka.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante. Akaondoka bila kunywa chai, na kwetu mkwe akiondoka bila chai, majirani wanajua kabla ya chai kupoa.

Nilipiga simu kila duka la speya Kitui na Machakos. Feni ya injini ile haikuwepo. Ijumaa saa nne wakaja kwangu wazee wawili na Mwalimu nyuma yao. Walikuja kwa utaratibu, na msemaji, na blanketi jipya, na sukari. Watu wakija namna hiyo hawaji kuongea habari ya gari. Wanakuja kutengeneza ukwe ulioharibika, na desturi ni kwamba neno lililoletwa na blanketi linapokelewa. Nikawaketisha. Msemaji akasema tumesikia kuna mlango umefungwa kidogo, sisi tumekuja kubisha, mama yetu afungue, kesho watoto wapate siku yao. Hakutaja feni hata mara moja. Alisema vizuri sana.

Nikapokea blanketi, kwa sababu kulikataa ni kumkataa mtu. Nikalikunjua nikajifunika magotini waone nimelipokea. Kisha nikasema, "Feni ya kuchomelewa sifungi."

Mzee msemaji akaangalia kofia yake. Mwalimu akasimama. "Basi kesho hakutakuwa na ntheo," akasema. "Sitamletea mama huyu mbuzi kwa pikapu ya kukodi. Tutangoja."

"Mpaka lini, Mwalimu?" nikauliza.

"Mwaitu ndiye anajua."

Jumapili kanisani nilisikia habari zangu. Ati nimekataa watu wa Mbooni. Ati nyanya amezuia ntheo kwa sababu ya kipande cha chuma, nani alisikia jambo kama hilo. Ati sitaki Mwende aolewe, nataka abaki aninyanyulie rejeta. Hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu sikuwa na hakika ni uongo wote. Mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kukataa. Nilikuwa nimewaza mara nyingi kibanda bila yeye, na kila nilipowaza niliona moto umezimika.

Mwende hakuniongelesha siku tatu. Anafanya kazi, anapika, anaweka sahani mbele yangu, anaenda kwake. Siku ya nne, tukiwa tunasafisha rejeta ya mtu, akasema bila kuinua uso:

"Susu. Ni feni, ama ni mimi?"

Niliweka mswaki wa waya chini. Sikutaka kumjibu kama mteja.

"Wewe nitakukosa," nikamwambia. "Nitakukosa vibaya, na nitanyamaza. Hiyo ni shida yangu. Feni ni feni."

Akaendelea kusugua. "Nililigonga lile bawa Jumatano usiku wewe umelala," akasema. "Nilisikia. Nikalinyamazia."

Sikumuuliza kwa nini. Alikuwa na Jumamosi yake mbele yake. Mimi nisingeweza kujua ningefanya nini kwa umri ule.

"Basi twende tukaitafute," akasema.

Tukaenda Mwingi. Pale barabara ya Garissa kuna mtu anayeweka magari yaliyokufa, yamepangwa kwenye miiba, mbuzi wanalala ndani. Tulitembea kati yake kutwa, na tukapata Landrova ya rika lile lile imekaa juu ya mawe bila magurudumu. Feni ilikuwepo. Ya chuma, mabawa manne, imeshika kutu ya juu tu. Mwende akaifungua, akaitundika kwenye mshipi wake, akanipa spana. Nikamrudishia. Akagonga mwenyewe. Ting, ting, ting. Akapumua. Ting.

Tuliisugua, tukaipima kama iko sawa uzito pande zote, Mwende akaifunga. Nafasi ilikuwa vidole viwili. Tukaendesha Landrova mpaka Mbooni sisi wenyewe, tukapanda ule mlima jua kali, mshale wa joto haukupita katikati. Mwalimu alikuwa amesimama uani. Mwende akazima gari, akampa funguo kwa mikono miwili. Mwalimu akafungua boneti, akaangalia feni ya kutu kwa muda mrefu, akafunga. Akatupa siku: Jumamosi ya wiki ile ile.

Walifika kwangu Matinyani saa nne asubuhi. Mbuzi watatu wamesimama nyuma ya Landrova wanatazama mbele kama wazee wa kanisa. Nilivaa lile blanketi mabegani. Sikuweza kufungua boneti, siku hiyo nilikuwa mkwe sio fundi, lakini nilipopita mbele ya gari kwenda kusalimia, nilipitisha mgongo wa mkono. Joto lilikuwa sawa kila mahali.

Mbuzi akachinjwa. Mwende akawa wa watu. Wamekubaliana na mumewe kwamba kibanda cha Kitui ni chake sasa, na Nairobi itamwona siku za mapumziko. Mimi niliacha kazi mwezi huo huo. Hayo nitayaacha hapo, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lililobaki siku hiyo.

Tulipokuwa tunakula, Mwalimu alisimama. Alishukuru vizuri, kwa sauti yake ile ya kwaya. Halafu akatoa chini ya kiti kitu kimefungwa kwa gazeti, akakifungua. Feni ya kijani.

"Mwaitu," akasema, "sasa sisi ni nyumba moja. Ile mliyoifunga ni nzuri, imetuleta. Lakini haikuwa ya gari yangu, na marehemu Mama Muthama hakuijua. Sasa hatuna Jumamosi inayotukimbiza. Siku utakayotaka wewe, hata mwaka ujao, nirudishie hii garini."

Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo wa wakwe. Mimi na Mwende hatukucheka. Mwende alikuwa anagawa supu, akasimama na kijiko hewani. Mwalimu alikuwa hachezi. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na kwetu mkwe akisimama siku ya ntheo akaomba, mbele ya watu, hakuna anayemkatalia. Tena nilikuwa na nyama ya mbuzi wake mdomoni.

Nikatafuna. Nikameza. Nikapangusa mikono kwenye leso.

"Feni ya kuchomelewa sifungi."